Dume la Kikao cha Wadau

Ezra wa mtaa wa Sokon One hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta, lakini mjini alijulikana kama mtaalamu wa mifumo. Alistahili sifa hiyo, maana mfumo wake mwenyewe haukuwahi kumwangusha. Alimketisha mfanyabiashara, akamwuliza anataka nini, akachora visanduku, akaviunganisha kwa mishale, akaviita "mahitaji," akalipwa, kisha akabadilisha laini ya simu. Kazi ya kuutengeneza mfumo wenyewe aliwaachia wenye bidii. Tusimhukumu haraka. Watu hulipa ghali ili wasikilizwe, na Ezra alijua kusikiliza.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa supu karibu na bucha za Ngarenaro alipomwona mzee Yiamat, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Oldonyo Sambu, ana simu mbili masikioni, anagombana na mwenye bucha upande huu na mfugaji upande ule. Ezra akaiacha supu ikiwa nusu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Biashara yako ni kubwa kuliko simu mbili. Inahitaji mfumo."

"Mfumo nimeuona kwa shemeji yangu. Umeme ukikatika, na yeye anakatika."

"Huo ulijengwa bila kukusanya mahitaji," Ezra akasema kwa huzuni ya mtu anayetaja marehemu. Papo hapo akatoa kalamu na karatasi, akachora mtu wa vijiti na kisanduku kando yake.

Yiamat akainama kutazama. "Huyu kijiti ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Mbona nina njaa?"

Ezra akamwongezea kitambi. Taaluma haikatazi.

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe ni taarifa. Wanakaa humu kisandukuni."

"Wote? Hawakanyagani?" Mzee akasogeza kiti, akashusha sauti. "Sasa niambie. Huo mfumo unaweza kunionyesha mfugaji gani amebanwa na ada ya mtoto, nimfikie kabla hajauliza bei kwa mwingine?"

"Hilo ni hitaji halali kabisa," Ezra akajibu, akaliandika.

Tamaa ya mzee ilikuwa imejitokeza yenyewe, bila kuitwa. Wakakubaliana malipo: dume jekundu la ng'ombe, lenye nundu iliyoshiba, litakabidhiwa siku mahitaji yatakapokamilika. Kwa bei ya dume lile Ezra angepanga chumba cha ofisi ghorofani, chenye mlango wa kioo na jina lake juu yake. Alikuwa amechoka kuwa mtaalamu wa kwenye meza za supu, na hilo lilikuwa linamuuma kweli.

Ili kazi ionekane nzito, akaongeza chumvi. "Lazima tuite kikao cha wadau wote, mzee. Wafugaji, madalali, wake zako, kila anayemgusa mnyama."

"Nani anaita? Mimi au wewe?"

"Kitaalamu, mchambuzi ndiye anayeita."

Yiamat akamtazama kidogo. "Na taratibu za kuita watu kule kwetu unazijua?"

"Mzee, nimezisomea."

Siku ya kikao wadau walijaa hadi Ezra akaogopa, kisha akafurahi. Alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa zizi la Yiamat, huku upepo wa mlimani ukimsaidia kuzing'oa. Namnyaki, mke mkubwa wa Yiamat, ndiye aliyefungua.

"Mimi nataka mfumo unionyeshe mzee alipo, akisema yupo mnadani."

Watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Kisha akasimama Lemayian, mfugaji jirani.

"Sisi tunataka utuambie bei ya Ngarenaro kabla Yiamat hajafika kwetu."

Wafugaji wote wakaitikia. Ezra akamwangalia mteja wake kwa wasiwasi.

"Andika, mtaalamu," Yiamat akasema kwa upole uliopita kiasi.

Ezra akaandika kila kitu, akatangaza kwamba mahitaji yamekamilika. Hapo Yiamat akaliongoza dume jekundu mpaka katikati ya watu.

"Mbele yenu nyote, hili si langu tena. Ni la mtaalamu."

Makofi yakapigwa. Ezra akaipokea kamba, macho yamelainika. Mnunuzi alishampata tangu jana. Mlango wa kioo aliuona kabisa, mpaka na kitasa chake. Lemayian akamsogelea na kisu kirefu, kwa adabu.

"Mtaalamu, tulichinjie wapi?"

"Mchinje nini?"

"Dume lako. Kwetu anayeita watu ndiye anayewalisha. Mzee ametuambia hilo unalijua, umelisomea."

Ezra akamgeukia Yiamat. "Mzee, huu ulikuwa ujira wangu!"

"Na nimekulipa, mashahidi hawa hapa." Yiamat akamshika bega, akamnong'oneza kama baba. "Hawa watu niliwaahidi nyama tangu mwanangu atoke jandoni. Kila nikilitazama dume langu, roho inaniuma. Mungu akakuleta."

Ezra akawatazama wadau. Walikuwa wengi, wana fimbo, na wanatabasamu. Akisema hazijui taratibu, atakuwa amekiri kwamba alidanganya, na mtu aliyedanganya kuhusu nyama hakawii kuulizwa kuhusu visanduku.

"Lichinjieni pale kwenye nyasi," akasema kwa sauti ya mtu mkarimu.

Wakala mpaka jua likaanza kushuka. Yiamat, mgeni kama wageni wengine, alikula kwa amani ya mtu asiyegharamika. Ezra alipewa ubavu, kipande cha heshima. Akatafuna. Ilikuwa nyama tamu kuliko yoyote aliyowahi kula, na uchungu ukampanda mpaka machozi yakamtoka mbele za watu. Wazee waliguswa sana kuona kijana wa mjini anayewapenda kiasi kile, wakamwongezea ubavu mwingine.