Saa Kumi Kamili, Uwanja wa Rulenge

Jumatatu, 4 Agosti

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, mbele ya mashahidi watatu na mbuzi mmoja mpita njia, tovuti ya Kombe la Kata imepata menyu inayofunguka. Ukiigusa inashuka. Ukiigusa tena inapanda. Nimeigusa mpaka simu ikaisha chaji.

Sikuiandika mwenyewe, lakini hilo halimhusu mtu. Nimetumia maktaba ya JavaScript. Mwenyekiti wa mashindano, Mzee Nshimiyimana, aliuliza vitabu vyake viko wapi. Nikamweleza kwa heshima kwamba haina vitabu. Ni mistari ya kompyuta ambayo wajuzi wa mbali walishaiandika. Mimi naiita kwa jina, inakuja kufanya kazi. Akasema basi ni vibarua. Nikasema ndiyo, ila hawali.

Ameniahidi! Fainali ya Bugarama na Mugoma ikipita bila aibu, nitakaa meza kuu. Kiti cha plastiki chenye mikono, chini ya turubai, pembeni ya diwani. Na maji ya chupa! Miaka yote kiti hicho hukaliwa na Anuar wa duka la vipuri vya pikipiki, kwa sababu ratiba huandikwa kwenye ubao wake wa chaki. Chaki! Zama hizi!

Jumatano, 6 Agosti

Tatizo la tarehe. Tovuti ilikuwa inatanguliza mwezi mbele ya siku, kama Wamarekani. Fainali ya tarehe tisa mwezi wa nane ikasomeka tarehe nane mwezi wa tisa. Nikaiita maktaba. Mstari mmoja tu! Siku imerudi mahali pake. Ikaleta na saa: 16:00. Nani Rulenge anakwenda mpirani saa kumi na sita? Nikatoa sita. Saa kumi jioni. Hesabu safi.

Maelezo yanasema maktaba hii humwonyesha kila msomaji muda kwa kufuata saa ya simu yake. Sikuiomba. Ni adabu yake tu. Nimeiacha.

Nilipita kwa Anuar kumwonea huruma. Nikamuuliza kama ubao wake unapanda na kushuka. Akasema haupandi, ila hauishiwi chaji.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Leo siandiki kitu.

Naandika kidogo. Nilikuwa nyumbani napiga pasi shati la meza kuu. Saa tisa Bugarama wakafika uwanjani na lori lao. Hakuna mpinzani, hakuna refa, hakuna hata turubai. Wakangoja nusu saa kama kanuni inavyotaka, wakafunga bao kwenye goli tupu, wakapiga picha, wakamfungua fahali wa zawadi aliyekuwa kwenye nguzo ya goli, wakaondoka naye wakiimba.

Saa kumi wakafika Mugoma, pamoja na refa na Mzee. Wakangoja nusu saa. Bao. Picha. Wakamtafuta fahali.

Mabingwa wawili. Fahali mmoja, na huyo mmoja hayupo.

Anuar amepita dirishani kwangu kuuliza, kwa upole wote, kama tovuti imepanda au imeshuka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeitwa kwa Mzee. Shikamoo yangu ikajibiwa marahaba na mashtaka kwa pamoja. Mugoma wanataka fahali wao. Bugarama wanasema tovuti yenyewe iliandika saa tisa. Nikaapa iliandika saa kumi, nikafungua simu, nikamwonyesha: saa kumi! Nikasema Bugarama wana wivu na teknolojia.

Mzee akasema mechi itarudiwa Jumamosi, na nikamfuate fahali mwenyewe. Akiwa mzima, kiti kipo. Akiwa supu, nisahau kiti, hata mkeka sitaonyeshwa.

Jumanne, 12 Agosti. Bugarama

Mzima! Yuko nyuma ya nyumba ya kocha wao, Irakoze, anakula maganda ya ndizi. Watoto wamempa jina. Anaitwa Tovuti.

Irakoze akanifungulia ratiba kwenye simu yake. Saa tisa! Nikafungua kwenye yangu. Saa tisa! Nilikodoa macho mpaka akaanza kucheka. Akasema, "Fundi, simu yako imeshavuka. Hapa tunashika mnara wa ng'ambo, na Burundi wako nyuma yetu saa nzima. Simu ikivuka, saa inavuka nayo."

Kumbe! Ukurasa wangu wenye adabu uliwafuata mpaka Burundi. Wao walisoma ratiba kwenye simu, lakini safari wakaipanga kwa saa ya mkono ya Irakoze, ambayo haivuki mpaka. Hapa hata mtoto anajua kwamba saa ya simu ni mwongo.

Nikarudi kwenye maelezo ya maktaba. Dawa ipo: unaiandikia "Dar es Salaam", inawaonyesha wote saa ya Dar, hata wakiwa mwezini. Mstari mmoja! Nikampigia Mzee kumjulisha kwamba nimeirudisha Bugarama nchini Tanzania. Akauliza fahali je.

Nabaki hapa kumlinda mpaka Jumamosi. Nakiona kiti. Naiona na mikono yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Mchana. Lori limeondoka na wachezaji, na Tovuti katikati yao. Irakoze alinipigia honi, akaninyooshea saa yake ya mkono. Nikatazama simu. Muda tele! Nikampungia. Maskini, baada ya yote haya bado hawaiamini teknolojia. Nikapiga pasi shati upya, nikachukua bodaboda kwa raha zangu.

Jioni. Tovuti haikukosea. Timu zote mbili zilifika saa kumi kamili. Mimi pia, mpaka tulipokaribia Rulenge, simu ikaruka ghafla kutoka saa kumi kasoro hadi saa kumi na moja kasoro.

Nilikuta kipindi cha pili kimeanza na Bugarama wanaongoza. Diwani meza kuu. Pembeni yake, mikono juu ya mikono ya kiti, Anuar. Aliponiona akainua chupa ya maji, akaipandisha, akaishusha.

Jumapili, 17 Agosti. Bugarama tena

Bugarama ni mabingwa, safari hii peke yao. Walinipandisha lorini na Tovuti. Wanasema bila mimi wasingechukua kombe moja mara mbili. Leo Tovuti amechinjwa. Tuliagana kiume. Irakoze amesema chakula ni saa saba mchana na nisichelewe, kwa sababu watu wa hapa hawamngojei mtu kwenye nyama. Nichelewe mimi? Mimi niliyeifundisha wilaya nzima saa!

Nimekaa chini ya mgomba na mpango mpya. Maktaba ina saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka mechi ianze. Inachukua muda moja kwa moja kutoka simu ya msomaji, hakuna cha kurekebisha. Msimu ujao kiti ni changu. Anuar atahesabu kwa chaki mpaka vidole vimwishe!

Naijaribu kwa nyama ya leo. Dakika tano. Dakika moja. Sifuri! Saa saba kamili, inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Nimeinuka na sahani yangu.

Wanaosha sufuria.