Uso Wangu Si Kipimo cha Printa

Chiola,
Nachingwea.

Kwa Bwana Sadiki,
Mwenye Studio ya Picha,
Nachingwea Mjini.

Mwanangu mpendwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USO WANGU KUTUMIKA KUCHAGULIA PRINTA

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanguka. Huku Chiola ufuta umekauka vizuri na tunakula tunashiba. Mimi shangazi yako Hadija, dada wa marehemu baba yako na katibu wa kikundi cha akina mama, nakuandikia rasmi kwa sababu kwenye simu unacheka.

Kutaka printa ya kitaalamu si kosa. Picha za harusi ulizokuwa unatoa zilimfanya kila bibi harusi awe wa rangi ya chungwa, na watu wamekuvumilia vya kutosha. Ila namna unavyoichagua hiyo printa imeniumiza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya Idi ulinipiga picha ukaniambia ni ya ukumbusho. Hukuniambia kwamba ungeitoa kwenye mashine mbili ulizoazimwa kwa majaribio, ukazibandika mlangoni picha kubwa kama bati, A na B, na daftari pembeni ili wateja wapige kura. Nilipouliza kwa nini mimi, ulisema uso wangu una kila kitu cha kuipima mashine: ngozi nyeusi, kilemba cha njano, meno meupe. Kilemba kingetosha. Ungekitundika peke yake.

2. Mashine A ina wino wa rangi nne na ina adabu. Imenipa mashavu laini, meusi tii, kama Mungu alivyokusudia. Mashine B ina chupa nane, na kati ya hizo tatu ni za nyeusi na kijivu tu. Unajisifu kwamba kijivu ndicho kinachotoa vivuli. Mwanangu, vivuli hivyo ni makunyanzi yangu! Nimeyahesabu chini ya jicho la kushoto, nikaishia kwenye sita kwa hasira.

3. Unawaambia wateja kwamba picha za B hazipauki kwa miaka mia moja. Mimi mwenyewe sitafika huko. Nitazikwa, nitasahauliwa, na makunyanzi yatabaki sebuleni yakipokea wageni.

4. Lubasha, yule mfugaji Msukuma wa Mnero aliyekuja kutoa picha za ng'ombe wake, alisimama mbele yangu muda wa kuchemsha maharage. Kisha akaandika daftarini kwamba anachagua B, kwa sababu kwenye A ng'ombe wote wanafanana, lakini kwenye B anaweza kujua mpaka umri. Hakufafanua umri wa nani. Wateja kumi na wawili waliotia saini chini yake nao hawakuuliza.

5. Hapa kijijini herufi hiyo imeshakuwa neno. Nikichelewa shambani, wenzangu wa kikundi wanasema leo nimeamka B. Marystella wa zahanati amenitazama akauliza kama naumwa au ni B tu.

6. Hili ndilo lenyewe. Unamfahamu Bakary wa Likunja, kule Ruangwa, yule mgane tuliyekutana naye harusini huko kwao mwezi wa nne. Ameshaleta mshenga. Nami nampenda, nalisema wazi kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Nilimwambia nina miaka arobaini na mitano. Ukweli unaujua, usiuandike kwenye majibu. Ijumaa anakuja Nachingwea kununua magunia, na duka la magunia linatazamana na mlango wako.

Sasa fikiria mbali. Ukinunua B, Bakary ataghairi. Wakisikia hivyo, wajane wote wa wilaya watakataa kupigwa picha. Bila picha hakuna posa za mbali. Ruangwa wataoana wenyewe kwa wenyewe, Nachingwea vivyo hivyo, na baada ya muda itabidi uitishwe mkutano wa kuzitambulisha upya wilaya hizi mbili. Yote hayo kwa ajili ya wino wa kijivu.

Kwa hiyo naomba A inunuliwe, B irudishwe ilikotoka, na kura ikirudiwa itumike sura yako mwenyewe. Ukikaidi, nitaiomba serikali ya kijiji ipitishe sheria kwamba hakuna printa itakayoruhusiwa kuona zaidi ya jirani aliyesimama hatua tano bila miwani.

Nisalimie mama yako, wifi yangu Mwamini, na mkeo Zaina, na wateja wote, hata waliopiga kura vibaya. Lubasha msalimie pia, lakini kwa ufupi.

Ni mimi shangazi yako akupendaye kwa masharti,

Hadija
Katibu

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Bakary amepiga simu. Hakungoja Ijumaa, alipita jana. Na kura amepiga: B. Anasema yule wa A hamjui, ila wa B ndiye aliyemwona asubuhi baada ya harusi, ameshanawa poda, anasugua masufuria ya watu huku anacheka, na tangu siku hiyo hajatulia. Nimelia kidogo, kisha nikamtajia umri wangu wote. Naye akakiri kwamba ndevu zake anazipaka piko kuficha mvi. Basi nunua B, mwanangu, na upesi. Ile picha yangu itoe kubwa zaidi, uitie fremu. Bakary naye mpige asubuhi kabla hajajipaka chochote, uitoe kwa mashine hiyohiyo, uniletee mimi kwanza. Jibu la posa nitalitoa nikishaiona, ingawa kitambaa cha gauni nimeshakipeleka kwa fundi.