Swala Kwenye Maua ya Madam Hala

Jumatatu, 3 Novemba

Na bado wanatafuna. Swala watatu, ndani ya bustani ya Madam Hala, asubuhi kweupe, na mimi niko hapa kwa kibanda cha geti nawaona. Nimewapigia makofi. Mmoja akaniangalia, ua jekundu linaning'inia mdomoni. Akaendelea.

Madam akatoka na gauni ya kulala. Akauliza kama nalipwa kulinda ama kutazama sinema. Nilikuwa na jibu zuri. Lilikuja akishaingia ndani.

Adib, sapavaiza wetu, amesema maua yakiliwa tena naenda saiti ya ujenzi, juani, na kibanda changu chenye AC anapewa Harrison wa geti ya nyuma. Harrison alikuwa hapo hapo. Akauliza kama AC inafika mpaka miguuni.

Hasira. Hata chai imenishinda.

Jumanne, 4 Novemba

Nina dawa. Kwetu Kitui mche ukipakwa kinyesi cha ng'ombe, mbuzi anapita mbali. Na swala ni mbuzi aliyevaa vizuri tu. Ng'ombe huku jangwani hakuna, lakini zizi la ngamia liko ng'ambo ya barabara. Nimekoroga ndoo nzima na maji. Nimepaka kila ua, Madam akiwa kazini.

Lillian, dada wa kazi wake, alichungulia dirishani akaziba pua. Nilitaka kumweleza. Nikainama, nikaendelea kupaka.

Jumatano, 5 Novemba

Wamekula kuliko juzi. Hilo sikulifikiria: swala wa hapa wamekua na ngamia. Kwao ile ni harufu ya nyumbani.

Na Madam alikuwa na wageni, meza imewekwa nje. Lillian amemwambia Harrison kuna shangazi alisifu chakula leso ikiwa puani. Adib amesema nimebaki na nafasi moja. Harrison ananiita daktari wa mbuzi. Sasa hata kijana wa pizza ananiita hivyo, na hajui kwa nini.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefuata nyayo. Zinatoka kwa miti kule mchangani, zinaingia kwa pengo la fensi, zinakata bustani ya Madam, zinatokea kwa pengo la upande wa pili, mpaka miti mingine. Hakuna kona hata moja. Hii ni njia yao ya zamani. Nyumba ndiyo imekaa barabarani.

Nikasimama hapo nikawahurumia. Kidogo. Halafu nikakumbuka AC.

Nimeziba mapengo yote mawili na mbao na waya. Nimekaza mpaka vidole vikatoka damu.

Ijumaa, 7 Novemba

Walikuwa ndani. Walikuwa wamelala kivulini nyuma ya jenereta, na mimi nikawafungia. Wamemaliza maua. Wakaingia kwa sukuma wiki ya Lillian, aliyopanda kwa ndoo akiwaza nyumbani.

Lillian ameongea na mimi mara ya kwanza tangu nifike hapa. Amesema, "Wewe kaka, nani alikutuma kufikiria?"

Adib akatoa mbao mwenyewe. Swala wakatoka kwa mstari, pole pole, kama watu wanaotoka shifti. Madam amechoka, amekubali kupanda vitu wasivyopenda, na mapengo yabaki wazi wapite zao. Mimi nabaki na kibanda kwa sharti moja: nikae, nifungue geti, nisiguse kitu kingine. Khalas, imeisha.

Harrison akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekaa. Nimefungua geti. Nimefikiria ile kofia.

Kosa lilikuwa kuwafukuza. Mnyama hafukuzwi, anaitwa. Majani mabichi wanayolishwa ngamia, nimwage kidogo kidogo kutoka kwa pengo hadi geti ya Harrison, waende wamlalie mlangoni. Tuone atacheka na nini. Njia ya mkato inapita kwa Madam, ndiyo, na jana jioni amepanda upya. Lakini watakuwa wanapita tu.

Naacha hapa. Dereva wa lori la maji anapiga honi, amekubali kunipeleka zizini, na lazima nirudi kabla Harrison hajaingia kazini.