Makofi Mia Nne na Kumi na Mawili

Kinyozi alisoma gazeti kama anayesoma hukumu: "Kumbi zafukuza bendi, spika zachukua nafasi."

Sote pale kibandani kwake tukamgeukia Nyuzi Tano, mpiga gitaa wetu, anayeitwa hivyo tangu uzi wa sita ulipokatika naye akasema hakuwa anautumia sana. Bendi yake haina kampuni wala mfadhili. Ina ukumbi mmoja, Jumamosi alasiri.

"Jumamosi hii nisipoleta watu arobaini," akasema, "mwenye ukumbi anafunga spika mahali petu."

"Hilo tu?" Fundi Simu akageuza boksi la chaja, akaanza kuchora. "Nakutengenezea programu. Shabiki anabonyeza hapa, anajua unapiga wapi, saa ngapi."

"Na akiwa amechoka?" akauliza Kinyozi.

"Anasikiliza hukohuko aliko."

"Makofi je?" akadakia Shangazi, muuza kahawa. "Mtu asikie wimbo mtamu anyamaze kama yuko foleni ya sindano?"

"Kitufe cha makofi. Yanalia ukumbini, kwenye simu ya Nyuzi."

"Wengine tunapenda kukaa mbele," nikasema, maana na mimi nina akili.

"Kitufe cha kuchagua kiti."

Nyuzi Tano akakuna kichwa. "Jamani, kitufe cha kuja kipo?"

"Usituvuruge, mzee," akasema Kinyozi. "Wewe ni msanii. Huu ni utaalamu."

Jumatatu Nyuzi Tano akatokea, gitaa mgongoni.

"Makofi mia nne na kumi na mawili!" Fundi Simu akainuka kumpokea. "Tisini yangu peke yangu. Ona kidole kilivyovimba."

"Niliyasikia."

"Viti vya mbele vilijaa," nikasema. "Mimi nimeishia safu ya tatu."

"Ukumbini alikuwepo mlinzi peke yake," akasema Nyuzi Tano. "Alikuwa anasubiri tumalize afagie."

Shangazi akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Mwenye ukumbi kasemaje?" akauliza.

"Kafurahi. Anasema hajawahi kusikia makofi safi vile. Simu yangu kaichukua, kaiunga kwenye spika zake mpya. Sisi katuaga."

Nyuzi Tano akashusha gitaa, akaketi kwenye benchi katikati yetu, akapiga wimbo mzima. Naapa, Kinyozi alifuta macho kwa taulo la mteja.

Wimbo ulipoisha, sote tukatoa simu, tukabonyeza.

Nasikia huko ukumbini makofi yalivuma sana.