Ombi la Kuondolewa kwa Vibeti

Umoja, Nairobi
Jumatano jioni

Kwa Mwendeshaji wa Mchezo wa Jumamosi (ambaye pia ni mpwa wangu)

Mheshimiwa Ndindi,

KUH: KUHAMISHWA KUTOKA VIBETI HADI MAELFI

Natumai u mzima, na paka wako pia. Naandika nikiwa na uchungu mwingi na heshima ya kutosha.

Kwa ajili ya faili, acha nikumbushe. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana sisi wanne huja kwako na kuizunguka meza. Wewe hutusimulia nchi isiyokuwepo, nasi hurusha dadu ili tujue kama tumeua joka au joka limetuua. Kila mtu ana mhusika wake, na kila mhusika ana taifa lake. Jirani yako Annah ni elfi, yaani mtu wa msituni, mrefu, mwenye masikio yaliyochongoka na ngozi isiyojua chunusi. Aloo ni jitu. Mulongo wa kwaya ni binadamu, ajabu ya Mungu. Mimi ni kibeti: mfupi, mnene, mwenye ndevu na shoka, mchimba mashimo, jina lake Ngumbau. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliwekwa kwa vibeti kinyume cha utaratibu. Siku ya kwanza ulinipa fomu. Mimi ni karani wa miaka ishirini na saba. Nikipewa fomu naijaza kwa ukweli. Kimo: futi tano na inchi tatu. Uzito: nikaandika. Kasi: ndogo, hasa penye ngazi. Udhaifu: goti la kushoto, na nyama ya kukaanga. Nikaambatisha nakala ya kitambulisho. Hakuna aliyenidokezea kwamba fomu ilikuwa ya mtu wa kubuni. Uliisoma, kisha ukaniambia kwa upole, "Uncle, huyu ni kibeti."

2. Annah ni mfupi kuliko mimi. Tulisimama mgongo kwa mgongo mlangoni pako, mama yako akatupima kwa rula. Lakini yeye alidanganya kwenye fomu, na leo ni elfi. Hivi ndivyo tunavyolea watu?

3. Mulongo alichora picha ya Ngumbau, na mke wangu Kathini akaibandika kwenye friji. Shemasi Andati alipokuja kutuombea aliisifu sana, akasema mchoraji amenipatia kabisa, isipokuwa hilo shoka. Nikamweleza Mulongo kwamba nimeumia. Akanijibu, "Lakini mzae, we ni kibeti ata bila gemu." Na huyo ndiye anayeongoza sauti ya tatu.

4. Jumamosi iliyopita tulifika mtoni. Annah aliuruka mto. Mulongo alivuka kwa farasi. Mimi nilirushwa. Jitu la Aloo lilininyanyua kama gunia la makaa likanitupa ng'ambo, na Aloo mwenyewe ni mwalimu wa chekechea, mtu asiyeua hata mende. Ni kweli kura ilipigwa. Ni kweli pia kwamba niliunga mkono.

5. Kibeti huishi miaka mia tatu na hamsini. Elfi, mia saba. Nimebakiza miaka minane nistaafu. Sioni kwa nini nipunjwe hata huko.

6. Katiba yetu inakataza ubaguzi, na sijaona mahali ilipowatoa vibeti. Niko tayari kwenda mahakamani, mradi kesi isisikizwe ghorofani.

Siombi makubwa. Hata ukinifanya elfi upande wa mama nitashukuru. Nyanya yako Nthoki alifikia rafu ya juu bila kigoda. Maandalizi nimeshafanya. Nilinunua koti refu la kijani Gikomba, na muuzaji akaniambia baadaye kwamba ni la kike. Nikamjibu kwamba msituni hawaangalii.

Nawasilisha ombi hili kwa unyenyekevu, tumbo likiwa limevutwa ndani. Msalimie mama yako Mwongeli, Aloo, Annah, na Mulongo pia kama ametubu.

Mjomba wako,
Musau Munyoki
(Kibeti, kwa sasa)

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, Mulongo amenipigia simu. Anasema Kathini alishakudokezea ninachotaka nawe umekubali, ila kanuni ni moja: mtu hahami taifa. Anaanza mhusika mpya, na yule wa zamani sharti afe mezani. Kumbe Ngumbau ameshapangiwa kufa Jumamosi hii, kwa heshima, darajani, akiwazuia maadui ili wenzake wakimbie. Nimekaa na fomu yake hapa. Miezi kumi na minne, Ndindi. Ni yeye aliyechimba handaki lile wenzake walipofungiwa. Alimpa Annah blanketi kule kwenye theluji. Hajawahi kukimbia vita, ingawa ni kweli hawezi kukimbia. Tafadhali ichane barua hii. Na kama lazima mtu abaki darajani, mpeleke Mulongo. Yeye ni binadamu. Hao wako wengi.