Pagale la Vyumba Sita

Jumamosi, 7 Juni 2025
Uyole, baridi kali. Mama amelala tena sebuleni, kwenye godoro, kati ya kabati na mlango. Anakohoa tangu aje kutoka kijijini. Mimi, mke wangu Yudith na watoto watatu tumebanana vyumba viwili. Yudith anasema tuongeze kimoja nyuma, uwezo tunao. Kimoja! Jirani yetu Ezron ana vitano. Nimeona pagale la vyumba sita kule mlimani, kuta tupu bila paa, linauzwa. Mimi ni mtu wa kuona mbali.

Jumatatu, 9 Juni
Mpango: tuuze nyumba, tununue pagale, tuezeke tukiwa humo humo. Yudith aliuliza upepo utazuiwa na nini. Nikasema kuta. Akauliza madirisha je. Nikamwambia aache kukatisha watu tamaa. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa alitia saini bila kunitazama. Mnunuzi ni Ezron. Anataka pa kufugia kuku. Nilijifanya sikusikia.

Alhamisi, 12 Juni
Tumehamia. Fedha iliyobaki imetosha mbao za Mafinga na mabati ya chumba kimoja. Tunalala humo wote sita. Vyumba vingine vina nyota. Watoto walifurahi mpaka jua lilipozama. Brayson, mkubwa wao, akauliza tunarudi nyumbani lini. Nikamwambia nyumbani ndipo hapa.

Jumapili, 15 Juni
Mama amezidiwa. Zahanati wamesema ni nimonia. Wamemchoma sindano, wakasisitiza alale penye joto. Nilimwahidi chumba chake mwenyewe, chenye dirisha la kutazama mlima. Akanishika mkono.
“Mwanangu, mimi nilitaka pa kulala tu.”
Nikasema naenda kukagua tofali. Nililia chumba cha nne, peke yangu.

Jumanne, 17 Juni
Yudith amempigia dada yake Esta, aliyeko Nyololo. Wameondoka na basi la asubuhi: yeye, watoto, na mama yangu. Nilisema mama ni wangu, abaki. Mama mwenyewe akasema anakwenda na mkwe wake. Yudith alivua skafu yake akanifunga shingoni.
“Baba Brayson, nyumba ikipata paa utupigie.”
Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumatano, 18 Juni
Kimya. Nimepita chumba hadi chumba nikitaja nani angelala wapi. Esta kapiga simu: mama amekunywa uji, watoto wanacheza. Kwake kuna vyumba viwili.
Mchana nikamwita fundi. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona: nyumba ni ndogo. Nimemwagiza achimbe msingi wa chumba cha saba. Fedha sina, atachukua yale mabati ya chumba kimoja. Kitakuwa chumba cha wageni. Yudith, mama na watoto wakija kunitembelea, walale pazuri.