Vita vya Mwanamkasi na Sisimizi Juu ya Mkate wa Sinia

Jongeeni, enyi mlio na masikio, na mnaotafuna tafuneni polepole! Nawasimulia vita vilivyopiganwa Kigombe mwaka wa hamsini na sita, baina ya Mwanamkasi binti Jumbe, simba jike wa jikoni, mshika mwiko asiyetetereka, na umma wa sisimizi usiohesabika.

Alasiri hiyo Bi Mwantumu wa Tongoni, mwenye jicho kali kuliko sindano, angekuja kumposea mwanawe binti wa Mwanamkasi. Mezani mkate wa sinia ulikuwa ukipoa, ukinukia iliki. Na kutoka ufa wa dirisha, ukutani, hadi kwenye sinia, msafara mweusi ulishuka, askari nyuma ya askari, bila hata hodi.

Mwanamkasi aliutwaa ufagio akawafyeka mia; wakaja mia mbili. Akawamwagia majivu, wakayazunguka.

Wifi yake Asmahani, aliyeketi kigodani akichambua mchele na kasoro za watu, alinena: "Wifi, leo wakwe watakula mkate wenye miguu. Kesho Kigombe nzima itajua."

"Nyamaza, ewe Asmahani!" akanguruma shujaa. "Mimi niliyezaa watoto saba, nishindwe na kiumbe asiyejaa ukuchani?"

Alinguruma hivyo, lakini jicho lake lilikuwa mlangoni, wageni wasije wakafika.

Ndipo Timotheo, Mbondei wa Muheza, aliyeajiriwa kule Amani kuwakamatia Wazungu wadudu wa utafiti, akabisha mlango wa uani, amekuja kununua ng'onda, wale samaki wakavu aliouza Mwanamkasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetukuta vitani."

Timotheo akainama, akautazama msafara kwa heshima, kama mtu aliyekutana na wafanyakazi wenzake.

"Mama, unaua askari, barabara unaiacha. Hawa hawaoni mbali. Aliyepata chakula hurudi kwao akiburuta tumbo, anaacha harufu. Wenzake huinusa kwa zile pembe zao, wakaifuata, nao wakaongeza yao. Futa harufu, uone."

"Wazungu wanakulipa kwa hayo?" akauliza Asmahani.

"Kila mwezi, mama."

Mwanamkasi hakungoja. Alikata ndimu, akakamulia kitambaa chenye sabuni, akausugua ukuta upana wa viganja viwili, na meza akaisugua mpaka ikalia. Lo! Vinara wa jeshi wakasimama ukingoni, wakageuka kushoto, wakageuka kulia, wakagongana vichwa na waliokuwa nyuma. Himaya nzima ikapotea njia mbele ya ndimu moja! Waliobaki kwenye sinia akawapuliza mmoja mmoja, mashavu yamemvimba kama mpiga zumari.

Bi Mwantumu akaja, akakaa, akatazama dari, akatazama pembe za chumba. Sinia likawekwa mbele yake. Akaonja. Mwanamkasi akasahau kupumua.

Na hapo, ukingoni mwa sinia, akatokea sisimizi mmoja, mkimbizi asiye na jeshi, akitikisa pembe zake akitafuta barabara. Asmahani akamwona. Akafungua kinywa, Mwanamkasi akafumba macho.

Asmahani akaweka kidole gumba juu ya yule askari, akabonyeza, akaligeuza sinia taratibu.

"Ongeza, Bi Mwantumu. Upande huu ndio umeiva vizuri."

Bi Mwantumu akaongeza vipande vitatu, akatoa posa, nayo ikakubaliwa kabla ya magharibi. Basi wana wa Kigombe, mnapohesabu ushindi wa dunia na majemadari wake, hesabuni na huu: ukuta ulifutwa, mkate ukaliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanamkasi aolewe katika ukoo ule, wifi alimfichia wifi yake aibu.